Chanzo cha Moto

Andika, mwanangu wa zimamoto, kalamu unayo.
Hapo kwenye kisanduku cha "rangi ya moshi"
piga mstari. Moshi haukuwapo.
Kwenye "harufu" piga mstari mwengine.

Mimi Mkasi binti Haji, mke wa Shaame fundi,
wa Kipangani hapa Wete.
Mume wangu si mwizi wala si mwendawazimu.
Mafuta yalikatika wiki tatu, unakumbuka,
dumu la lita tano likafika bei ya mbuzi,
naye ana Vespa ya kurithi na mdomo wa ahadi.
Akasema: "Mkasi, petroli imo kisimani,
watu hawajui tu kuikamua."

Akatumbukiza vijiko vyangu vya arusi ndooni,
vijiko sita vya chuma kisichoshika kutu,
akatia magadi, akafunga nyaya za betri ya lori,
na maji yakatoa vipovu
kama soda iliyofunguliwa sasa hivi.

Vespa iliwaka. Sikatai, iliwaka.
Ilikwenda Limbani ikarudi, watoto nyuma wakishangiria.
Na mimi nilicheka. Andika hilo pia.

Lakini Vespa usiku inalala, hewa hailali.
Ilibidi aiweke. Hapo ndipo penye neno.
Akaijaza kwenye mipira ya ndani ya matairi ya lori,
mipira tisa, myeusi, imevimba,
akaitundika katika ghala la karafuu za mama yake
kwa kuwa ghala lina kufuli.

Wewe umekulia Pemba, karafuu unaijua:
haina siri. Ikianikwa Konde, Mtambwe wanajua.
Gunia likitoboka, hata kipofu atakuonyesha tundu.
Hewa hii haina rangi, haina harufu, haina haya,
inapenya mpira kama jasho linavyopenya kanga,
inapanda, inajikusanya chini ya bati,
inakaa pale juu ya vichwa vyetu
inasubiri swichi.

Nilijuaje? Kwa ufagio.
Adhuhuri, nafagia mlangoni pa ghala, jua limesimama wima,
nasikia sauti nyembamba, ssss,
penye mpira wa kujazia utokao ndooni.
Nikanyoosha ufagio wa chelewa niusogeze.
Ncha ikashika moto.
Ikashika moto kwenye kitu ambacho hakipo.
Nikatazama: mkono wangu, chelewa zinazoungua, jua, basi.
Moto ulikuwa pale, tangu lini Mungu ndiye ajuaye,
na mimi nilikuwa nipite hapo, mtoto mgongoni.

Nikamwambia Shaame. Akaenda, akarudi.
"Valvu," akasema. "Nimeikaza."
Mwanamume akishakaza kitu huona amekijibu.

Basi kila usiku nikawa natoka kwa kunyata,
nang'oa matambara aliyozibia tundu la juu ukutani.
Asubuhi yeye anayarudisha,
karafuu za mama zisinyeshewe.
Hatukusemezana. Tulibishana kwa matambara.

Jana mvua ilipiga bati, usingizi ukanichukua.
Neno lenyewe ni hilo.
Nililala.

Alfajiri mama mkwe alikwenda kutazama magunia yake.
Hakuingia, alisimama kizingitini,
akapeleka mkono ukutani palipo na swichi
kama alivyoupeleka miaka ishirini.

Bati liliruka lote kwa pamoja, kama kawa la chungu.
Karafuu zikapanda, kisha zikashuka,
zikanyesha juu ya mapaa, visimani, kwenye nywele za watoto
waliotoka mbio na nguo za kulalia.
Mtaa mzima unanukia. Wewe mwenyewe unanukia.
Mama yupo hospitali, mzima, mikono ina bendeji,
anatuuliza kwa nini tunachezesha midomo tu.

Kisanduku cha mwisho unataka "chanzo".
Ukimuuliza Shaame atakwambia valvu.
Yule pale uwani, ameinama kwenye majivu,
anatafuta vijiko vyangu.
Mpaka sasa amepata vitano.